Don Williams wa Waiyaki Way

Ukitoka Westlands Jumapili alasiri kuelekea Kikuyu, kwa matatu ya 105 au kwa miguu pembeni mwa Waiyaki Way, kuna sauti itakayokupata kabla hujafika Uthiru. Huenda ikatoka katika baa ya Kangemi ambayo nyama yake bado iko motoni, au kwa fundi wa magari anayefunga kazi, au ndani ya matatu yenyewe ikiwa dereva ni mtu wa makamo. Ni sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka, inayolitamka kila neno mpaka mwisho wake. Mwenye sauti alizaliwa Floydada, mji mdogo wa Texas, Mei 27, 1939, akafariki Mobile, Alabama, Septemba 8, 2017. Anaitwa Don Williams. Huko kwao redio za kantri zimekwisha kuhamia kwa vijana wenye magitaa ya kelele. Huku, mtoto wa Kinoo aliyezaliwa mwaka ambao mzee huyo alistaafu, 2016, hukimalizia kiitikio chake bila kukosea hata silabi, ingawa picha yake hajawahi kuiona.

Kuna jibu linalotolewa upesi kila watu wanapouliza sababu. Eti sisi ni watu wa mashamba na mifugo, na kantri ni muziki wa mashamba na mifugo, basi tumekutana. Wageni wamelikariri jibu hilo hadi wenyeji nao wameliamini. Mimi silikubali. Ng'ombe katika nyimbo za Don Williams ni wachache mno. Aliimba juu ya mke aliye nyumbani, mwanamume anayeogopa kuachwa, ahadi iliyotolewa zamani na bado inatimizwa. Tena kama ng'ombe wangekuwa ndiyo sababu, mashabiki wake tungewatafuta Turkana kwanza, si Kinoo, ambako kiploti kidogo kimesimamisha ghorofa sita na nafasi ya mbuzi mmoja haipo.

Wala si suala la uenyeji. Katika barabara hiyohiyo ya Waiyaki Way ndipo ilipo Nairobi School, zamani ikiitwa Prince of Wales School, na mmoja wa waliosoma hapo ni Roger Whittaker, mzaliwa wa Nairobi, 1936, mwimbaji aliyejulikana dunia nzima kwa kupiga mbinja na ambaye alitunga na kuimba kuhusu Kenya kama kwao. Kama kuzaliwa hapa kungetosha, huyu ndiye angekuwa mfalme wa baa za magharibi mwa jiji. Anapendwa, sikatai, na alipofariki Septemba 2023 wengi walimkumbuka. Lakini usiku wa Jumamosi, mpiga gitaa akiuliza wateja wanataka nini, jina linalotoka mezani mara nyingi ni la yule wa Texas.

Tuanze basi na redio, maana ndiko alikopitia. Tangu 1964, Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) lilipofanywa Voice of Kenya (VoK), hadi 1996 ilipozuka Capital FM, mtu wa Nairobi aliyetaka kusikiliza redio alisikiliza ya serikali, iliyotangaza kutoka Harry Thuku Road. Mwaka 1989 jina la KBC lilirudi, lakini mlango ulibaki ule mmoja: idhaa ya Kiswahili, idhaa ya Kiingereza, na zile za lugha nyingine kwa zamu. Katika idhaa ya Kiingereza, jioni ilikuwa na kipindi cha Sundowner, na waliokua wakati huo hawahitaji kuelezwa zaidi. Baba amerudi kazini, redio iko juu ya kabati, na hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa.

Sasa linganisha tarehe. Wimbo wa kwanza wa Don Williams kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya kantri ya Marekani ulikuwa wa 1974. Wa mwisho ulikuwa wa 1986. Katika miaka hiyo 12 alifikisha nyimbo 17 za nambari moja, na zote ziliangukia ndani ya kipindi ambacho Wakenya walikuwa na mlango mmoja tu wa kupokelea muziki hewani. Msanii wa leo mwenye nyimbo 17 kama hizo atagawanywa vituo mia na simu milioni, kila mtu na kipande chake. Don aligawiwa nyumba zote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mzee wa Lavington mwenye gari la kifahari na mlinzi anayemfungulia lango hukuta wanaujua wimbo uleule, na wote wawili waliujua kabla ya kujuana.

Serikali ilijaribu kuufunga mlango huo kidogo. Machi 1980 Voice of Kenya iliamriwa kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya. Nia haikuwa mbaya. Wanamuziki wa River Road walikuwa wamelalamika miaka mingi kwamba wanapuuzwa na redio ya nchi yao. Lakini malalamiko yakapanda kutoka kila upande. Waliozoea nyimbo za ng'ambo walinung'unika, na hata ndani ya hizo asilimia 75 kukazuka mzozo wa lugha ya nani ipigwe mara ngapi. Amri haikudumu. Mwaka huohuo ndio Don Williams alitoa "I Believe in You", uliovuka mipaka ya kantri hadi kwa wasikilizaji wa muziki wa kawaida Marekani. Laiti ile amri ingeshika, pengine makala haya yangekuwa yanamhusu mtu mwingine.

Njia ya sahani kutufikia nayo ina mkono wa London, nadhani. Wimbo wake "I Recall a Gypsy Woman" ulipendwa sana Uingereza mwaka 1976, ilhali Marekani haukuwahi kutolewa kama wimbo wa kusimama peke yake. Huku Nairobi wimbo huo ni miongoni mwa zile zinazoombwa kwa majina. Ladha yetu ya kantri inafanana zaidi na ya Mwingereza wa miaka ya sabini kuliko ya Mmarekani, na anayedhani tuliipata moja kwa moja kutoka Nashville ajiulize kwa nini nyimbo tunazozijua si zilezile wanazozijua wao.

Ila redio peke yake haitoshi. Redio ilipiga mengi katika miaka hiyo, na mengi tumeyasahau. Kilichomfanya Don abaki, kwa maoni yangu, ni maneno kusikika.

Fikiria baa ya Nairobi ya 1978. Muziki mkubwa wa kucheza ulikuwa wa Wakongo: magitaa matatu yakifukuzana, sebene isiyokwisha, na Kilingala ambacho asilimia kubwa ya wachezaji hawakukielewa wala hawakujali kukielewa. Miguu ilishiba. Masikio yalibaki na njaa. Kisha anakuja huyu mwanamume anayeimba Kiingereza cha darasani, polepole, maneno mafupi, sentensi zinazoisha. Kwa mtu ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, aliyekipata shule ya msingi ya Kikuyu au Kakamega na kukitumia ofisini kwa hofu kidogo, huu ulikuwa muziki wa ng'ambo ambao angeweza kuufuata wote, mwanzo hadi mwisho, na kuuimba bila kuchekwa. Msanii wa roki hupiga kelele juu ya maneno yake mwenyewe. Don alikaa kwenye kiti kirefu, kikombe cha kahawa kando, akayasema. Hakuwa akipandisha sauti ili kuonyesha uwezo. Wengi waliomsikiliza walifikiri hata wao wanaweza, na huo ndio mtego, kwa sababu ukijaribu utagundua upesi kwamba noti zake za chini hazishikiki.

Jambo la pili lilikuwa tayari limetayarishwa na kanisa. Kikuyu, pale Thogoto, wamisionari wa Kiskoti walifika mwishoni mwa karne ya 19 na kuacha kanisa, hospitali, shule na vitabu vya nyimbo. Kijabe, mbele kidogo kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, walikaa Wamarekani wa Africa Inland Mission. Nyimbo walizofundisha, zikatafsiriwa na kuchapwa katika vitabu ambavyo bado vinabebwa kwapani kila Jumapili, zilitoka katika shina lilelile lililozaa kantri: ubeti, kiitikio, kodi tatu za muziki, sauti ya pili inayofuata ya kwanza kwa karibu. Bibi wa Kinoo aliyeimba alto katika kwaya ya PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Waskoti hao, alikuwa tayari amefunzwa muziki wa Texas bila yeye wala mwalimu wake kujua. Hakuwa na la kuzoea. Ndiyo sababu vilevile sahani ya Krismasi ya 1963 ya Jim Reeves, mwimbaji mwingine wa kantri wa Marekani, haina upinzani Desemba, na hakuna mchungaji aliyewahi kuikemea.

Na hata kabla ya Don na Jim, tulishawahi kumpokea Mmarekani mwingine, kwa namna ya ajabu zaidi. Jimmie Rodgers, mtunzi na mwimbaji wa Mississippi anayeitwa baba wa kantri, alikufa kwa kifua kikuu Mei 1933 akiwa na miaka 35. Sahani zake zilifika nchi ya Wakipsigis zikiwa na santuri za Wazungu. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kunasa sauti, akawakuta wasichana wakiimba kuhusu Chemirocha, jina la Jimmie Rodgers likiwa limepita katika ndimi za Kipsigis na kutoka upande wa pili likiwa la kwao. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, huyo Chemirocha alikuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, mwenye kucheza vizuri. Walikuwa wamesikia sauti isiyo na mwili ikitoka kwenye sanduku, wakaipa mwili. Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoachwa na Tracey huko Afrika Kusini ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha rekodi hizo Kapkatet, na baadhi ya waliosikika humo walikuwa bado hai kuzisikiliza.

Nasimulia hayo kwa sababu kuna wanaouona upenzi wa Don Williams kama mabaki ya ukoloni, mtu mweusi akiota kofia ya mzungu. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, maana sahani hazikufika zenyewe. Lakini wasichana wa Kapkatet hawakumwabudu mtu yeyote. Walimchukua mgeni wakamfanya mhusika wa ngoma yao. Kinachofanyika Kinoo leo kina tabia hiyo.

Tazama kazi ya gitaa moja. Miaka ya tisini ilipofika, wenye baa walikuwa hawamudu tena bendi ya watu kumi. Mtu mmoja mwenye gitaa la umeme, kisanduku cha kupiga ngoma na maikrofoni alitosha, akaondoka na malipo yake na mwenye baa akabaki na faida. Ndivyo mugithi, muziki huo wa Kikuyu wa mtu mmoja na gitaa, ilivyoshika hoteli za barabara ya Nakuru na baa za Dagoretti, watu wakijipanga mstari mmoja, mikono mabegani, kama mabehewa, huku majina kama Mike Rua yakizidi kujulikana. Usiku wa mugithi una mpangilio usioandikwa popote. Saa za mapema, familia zikiwa bado mezani na sahani za nyama na kachumbari, huwa ni za kantri: Don, Kenny Rogers, Jim Reeves, Dolly Parton. Kisha zinakuja za wazee wa Kikuyu, kina Joseph Kamaru na Daniel Kamau. Kisha watoto hupelekwa nyumbani, na yanayoimbwa baada ya hapo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Kwa hiyo kantri ndiyo inayofungua ukumbi. Gitaa la Don halina mbwembwe. Linapigika na mtu mmoja, wakati sebene ya Kikongo ikipigwa na mtu mmoja huwa kama nyumba iliyojengwa ukuta mmoja. Kati ya wale waimbaji wanne wa kantri, kila mmoja ana kazi yake. Jim Reeves ni wa Krismasi na mazishi. Kenny ni wa hadithi, na wanaume humnyamazia hadi mwisho hata kama wanajua nani atapigwa. Dolly akianza, meza za wanawake huchukua wimbo kutoka kwa mwanamuziki na kuumaliza wenyewe. Don ni wa ndoa. "You're My Best Friend" imesindikiza maharusi wengi wa jiji hili kuingia ukumbini, na usiku wowote utawaona wanaume kumi na wawili wakiuimba kwa macho yaliyofumbwa, wakiwasifu wake zao kwa sauti moja, saa tano na nusu, kilomita nane kutoka walipo wake hao.

Mwenyewe aliishi alivyoimba, na Wakenya hupenda hilo. Alimwoa Joy Bucher mwaka 1960 na ndoa ikadumu hadi kifo chake. Hakuwa mtu wa kashfa. Mwaka 1997 alikuja Afrika, akaimba Harare mbele ya umati uliozijua nyimbo zote, na filamu ya onyesho hilo ikazunguka bara zima. Katika maduka ya Luthuli Avenue na River Road kanda yake ilinakiliwa, ikanakiliwa nakala, hadi sura za watu zikawa vivuli. Siku hizi hakuna tena kanda. Unampelekea kijana wa dukani diski ndogo ya kuchomeka, unasema kantri, anakujazia nyimbo mia mbili kwa bei ya sahani ya chipsi, na nusu yake zimeandikwa Don Williams hata pale unaposikia waziwazi kwamba anayeimba ni Charley Pride.

Upo utani wa ukweli katika kosa hilo la jina. Don alianza Nashville akiwa ameajiriwa kama mtunzi, katika kampuni ya Jack Clement, na alikuwa fundi: "The Shelter of Your Eyes", "Lay Down Beside Me" na "Love Me Over Again" ni kazi ya mkono wake. Lakini nyingi za zile zinazomfanya aonekane mtu wa nyumbani Kangemi ziliandikwa na wengine. "You're My Best Friend" ni ya Wayland Holyfield. "I Believe in You" ni ya Roger Cook na Sam Hogin. "Tulsa Time" ni ya Danny Flowers. Bob McDill alimwandikia nyingi hivi kwamba mwaka 2023 jumba la heshima la kantri lilimwingiza naye, miaka 13 baada ya Don. Sijamsikia mtu yeyote baa akimtaja McDill. Leseni ya muziki iliyobandikwa ukutani, pale kando ya bei za bia, ndiyo karatasi pekee humo ndani inayokumbusha kwamba wimbo una mwenyewe.

Hilo ni tatizo la moja kwa moja kwa Wakenya wanaotaka kuandika kantri yao. Wapo, na si wachache. Elvis Otieno, anayejulikana kama Sir Elvis, ambaye wazazi wake walimpa jina la Presley, amezijaza kumbi za Nairobi kwa zaidi ya miaka kumi kwa sauti ambayo ukifumba macho unaweza kudhani ni ya Kusini mwa Marekani. Esther Konkara ameimba kantri na injili na kutunga za kwake. Tamasha za miaka ya karibuni zimewaleta vijana wenye kofia pana na buti za ngozi, wanaocheza kwa safu na kujipiga picha, na kwao kantri si redio ya baba bali ni mavazi na mtandao. Hata hivyo wote wanakabiliana na meza zilezile. Mteja amelipa ili asikie anachokijua. Ukimwimbia kisichojulikana, anainuka kwenda msalani au anageukia simu.

Mbinu yao inaonekana na yeyote anayekaa baa hizo kwa makini. Wimbo mpya hauanzi usiku wala haumalizi. Hupachikwa katikati ya nyimbo mbili za Don, kwa mwendo uleule na ufunguo uleule, bila kutangazwa. Ukifanikiwa, hakuna anayeinuka. Na mzee wa meza ya pembeni humwita mwanamuziki baadaye, akamwekea noti ya mia mbili mfukoni, akamwambia arudie ile ya Don Williams aliyoipiga katikati, maana hajaisikia tangu enzi za VoK.